Barua ya wazi: Kunguru mmoja asiizime wilaya nzima

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya nishati, kwa uongozi wa shirika linalotusambazia umeme, na kwa wajumbe wa mamlaka inayodhibiti huduma hiyo.

YAH: VIFAA VYA KUTENGA HITILAFU KATIKA LAINI NDEFU ZA VIJIJINI

Waheshimiwa,

Baada ya salamu na heshima zinazowastahili, naandika barua hii nikiwa katika kijiji kilicho karibu na mwisho wa laini ya msongo wa kilovolti 33, Nyanda za Juu Kusini, nilikorudi kuishi baada ya kufanya kazi ya ufundi wa laini kwa miaka 31. Siandiki kwa sababu nchi haina umeme. Mgawo wa mwishoni mwa mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024 umepita, Bwawa la Julius Nyerere limekamilika na mitambo yake 9 yenye uwezo wa megawati 2,115, na nguzo zimefika hata katika vitongoji ambavyo sisi tulipokuwa vijana tulivipita kwa miguu tukiamini kwamba havitaona taa. Hayo tunayaona na tunayashukuru. Ninachotaka kusema ni kwamba umeme wote huo, ukishazalishwa na kusafirishwa, humfikia mwananchi wa kijijini kupitia laini moja ndefu yenye matawi mengi, na kwamba katika laini nilizozipanda mimi, vifaa vya kuikata sehemu iliyoharibika na kuiacha iliyo nzima ikiendelea kufanya kazi ama havikuwapo, ama vilikuwapo vikiwa vimelemazwa. Pakiharibika mahali pamoja, panazimwa pote.

Naomba nieleze usiku mmoja tu. Ulikuwa mwezi Machi, mvua imekwisha kunyesha, na umeme ulikatika yapata saa mbili usiku. Hatukuwa sisi peke yetu: tarafa tatu zilikuwa gizani, pamoja na makao makuu ya wilaya na hospitali yake. Nilimpigia simu kijana mmoja niliyemfundisha kazi, akaniambia kwamba laini ilikuwa imetripu, yaani imejikata yenyewe, kwenye kituo cha kupozea umeme, imejaribiwa kurudishwa mara mbili na mara zote mbili ikakataa, na kwamba wao watu wanne ndio walikuwa wakianza kuifuata kwa gari na tochi, nguzo kwa nguzo. Walikesha. Kulipokucha waliendelea, wakavuka mito miwili iliyofurika, na ilipofika saa nane mchana wakamkuta kunguru amekufa, amebanwa kati ya waya na mkono wa chuma wa nguzo, kikombe cha kushikilia waya kimepasuka kandoni mwake, kwenye tawi linalohudumia nyumba zisizozidi 40. Umeme ulirudi saa tisa alasiri, yaani baada ya saa 19. Mwenye zahanati yetu alikuwa amekwisha kuzihamisha chanjo kwa pikipiki, na wenye tangi la kupozea maziwa walikuwa wamekwisha kuyamwaga.

Ndege huyo hana kosa. Ndege hutua kwenye nguzo, na ataendelea kutua. Swali ni kwa nini hitilafu ya nyumba 40 ililaza gizani tarafa tatu, wakati mwanzoni kabisa mwa tawi lile, mita chache kutoka laini mama, kulikuwa na seti ya fyuzi za kudondoka zilizowekwa pale kwa kazi hiyo moja. Fyuzi ya namna hiyo ni kifaa chepesi kuelewa: ndani ya bomba lake kuna waya mwembamba uliopimwa, ambao mkondo ukizidi huyeyuka, gesi inayotoka kwenye kuta za bomba huuzima moto wa umeme, na bomba lenyewe huanguka na kuning'inia likielekea chini, ili fundi aliye barabarani aone kwa macho kwamba tawi hili ndilo lenye matatizo. Ingefanya kazi yake, nyumba 40 zingezimika, wilaya ingeendelea, na kijana wangu angeyatazama mabomba yale yanayoning'inia na kujua aende wapi. Haikufanya kazi kwa sababu ndani ya mabomba hamkuwa na waya wa fyuzi. Mlikuwa na nyuzi za shaba zilizosokotwa.

Msiwe wepesi kumtafuta fundi wa kumwadhibu, kwa maana hata mimi niliwahi kufanya hivyo. Nilifanya zaidi ya mara moja, juu ya ngazi, mvua ikininyeshea, stoo ikiwa imeniambia kwamba waya wa fyuzi wa ampea 15 haupo na hautakuwapo kwa wiki tatu, na chini ya nguzo wamesimama watu wanaotaka taa zao usiku huohuo. Fundi aliye katika hali hiyo atasokota shaba. Siku ile anaonekana shujaa, na baada ya mwaka mmoja, fundi mwingine asiyejua lolote anazunguka usiku kucha akitafuta kunguru. Kosa ni la stoo isiyokuwa na kitu cha bei ndogo kuliko vyote vilivyo kwenye nguzo, na la utaratibu wa kazi usiomlazimisha fundi kuandika alichokiweka, lini na kwenye nguzo ipi, ili mtu mwingine arudi kukirekebisha.

Hata pale waya wa fyuzi unapopatikana, mara nyingi huwekwa wowote ulio karibu. Hapa pana elimu ambayo vijana wengi hawapewi tena. Nyaya za fyuzi zina tabia tofauti: zenye alama ya K huungua upesi, zenye alama ya T huchelewa kidogo, na fyuzi mbili zilizofuatana katika njia moja lazima zipangwe ili iliyo karibu na hitilafu iwe imemaliza kazi yake kabla ile ya juu, iliyo upande wa kituo, haijaanza kuyeyuka. Kanuni tuliyofundishwa ni kwamba muda mrefu kabisa ambao fyuzi ya chini huutumia kuikata hitilafu usizidi asilimia 75 ya muda mfupi kabisa ambao fyuzi ya juu huanza kuyeyuka, kwa sababu fyuzi iliyokaribia kuyeyuka huwa imejeruhiwa ndani, na siku nyingine itakatika bila sababu inayoonekana. Hesabu hii hufanywa mezani na kuchorwa kwenye karatasi, na kila tawi linapoongezwa ilipaswa kurudiwa. Vijiji vimeunganishwa kwa kasi kubwa, na sina uhakika kama karatasi zile zimekwenda kwa kasi hiyohiyo.

Sasa nije kwenye laini mama, ambako fyuzi haitoshi. Jambo la kwanza la kuelewa kuhusu laini za juu ni kwamba hitilafu zake nyingi hazidumu. Tawi la mkaratusi linapepea na kugusa waya, radi inapiga, mbawa za korongo zinaunganisha nyaya mbili, halafu ndani ya sekunde moja kilichosababisha kimekwisha kuanguka au kuungua, na laini ni nzima kama ilivyokuwa. Takwimu inayotajwa sana na wahandisi wa usambazaji ni kwamba hitilafu za kupita ni kati ya asilimia 70 na 80 ya hitilafu zote za laini zisizozikwa ardhini. Kwa sababu hiyo kilibuniwa kikata-umeme kinachojirudisha chenyewe, ambacho sisi mafundi tunakiita rikloza. Kinahisi mkondo wa hitilafu, kinakata kwa sehemu ndogo ya sekunde, kinasubiri kidogo, kinarudisha. Hitilafu ikiwa imeondoka, mteja ameona taa ikipepesa tu. Ikiwa bado ipo, kinakata tena, na baada ya majaribio kuisha, ambayo kwa kawaida hayazidi matatu, kinajifunga wazi, yaani kinaacha umeme umekatwa, na kungoja binadamu.

Mwenzake ni sekshonalaiza, ambayo watu huichanganya nayo kwa kuwa zinafanana zikiwa juu ya nguzo. Hii haina nguvu ya kuukata mkondo wa hitilafu, na wala haijaribu. Kazi yake ni kuhesabu. Kila mkondo wa hitilafu unapoipitia na rikloza iliyo nyuma yake, upande wa kituo, ikakata, sekshonalaiza inajua kwamba hitilafu iko mbele yake, inahesabu moja, inahesabu mbili, na katika nafasi ile ndogo ambapo laini imezimwa inajifungua yenyewe bila kishindo. Rikloza inaporudisha umeme, tawi bovu limekwisha kuondolewa, na wengine wote wanaendelea. Nakiri kwamba katika vifaa vyote nilivyopata kuvifunga, hiki ndicho nilichokipenda kuliko vingine, kwa jinsi kinavyofanya kazi kubwa kwa kungoja wakati wake.

Vipo pia viunganishi vya kawaida vya kufungulia laini, tunavyoviita isoleta, na swichi zinazoweza kufunguliwa laini ikiwa na mzigo. Tofauti kati ya viwili hivyo imewagharimu baadhi ya wenzetu mikono na macho, kwa hiyo sitaidharau: isoleta haifunguliwi mkondo ukiwa unapita. Palipo na isoleta pekee, fundi anayetaka kuitenga nusu ya laini hulazimika kwanza kuomba laini yote izimwe kituoni.

Kilomita 11 kutoka nyumbani kwangu, njiani kuelekea mjini, ipo rikloza nzuri ya kisasa, ya chupa za ombwe, yaani inayokatia umeme ndani ya chupa zisizo na hewa, iliyofungwa wakati wa mradi mmoja wa kufikisha umeme vijijini. Ilifanya kazi kwa takriban misimu miwili ya mvua. Leo sanduku lake la kudhibitia liko wazi, nyigu wamejenga ndani, na isoleta za pembeni ambazo ziliwekwa ili umeme uipite rikloza wakati wa matengenezo zimefungwa moja kwa moja, kwa hiyo umeme unaizunguka kama maji yanavyozunguka jiwe. Kilichoiua ni betri. Sanduku lile linategemea betri ili liweze kufikiri na kuamuru wakati laini imezimika, na betri, hasa ikikaa ndani ya sanduku la chuma linalopigwa jua, huchoka baada ya miaka michache hata ikitunzwa. Ilipochoka, rikloza ikaanza kukataa kurudi, watu wakalalamika, na mtu akachukua uamuzi uleule wa nyuzi za shaba kwa ukubwa zaidi: akaipitisha laini pembeni. Nina hakika kwamba katika taarifa za mradi ule rikloza hiyo bado inahesabiwa kuwa imefungwa, na kwa maana fulani imefungwa kweli.

Kwa hiyo, kabla hamjaagiza kifaa kipya hata kimoja, naomba mfanye hesabu ya vilivyopo, kwa kwenda nguzoni na si kwa kusoma majedwali. Kila rikloza na kila sekshonalaiza iandikwe: iko nguzo namba ngapi, isoleta zake za pembeni ziko wazi au zimefungwa, betri yake ina umri gani, imewekewa mipangilio gani na nani aliiweka, na kihesabio chake kinasoma mara ngapi imekata. Kazi hiyo haihitaji mkopo wa nje. Inahitaji gari, ngazi, mafuta na mtu mmoja anayejua kusoma sanduku la kudhibitia, na nathubutu kusema kwamba katika wilaya nyingi mtapata vifaa vilivyolala ambavyo vitaamshwa kwa betri na saa mbili za kazi.

Baada ya hapo ndipo lije suala la kuongeza, na hapa nina ombi kuhusu mpangilio wa vipaumbele. Tuchukue laini ya mfano, isiyokuwapo popote ila kwenye daftari langu: ina kilomita 100, wateja 8,000 waliosambaa sawasawa, na hitilafu za kudumu zinazotokea kwa uwiano uleule kila mahali. Kinga ikiwa kituoni peke yake, kila hitilafu inawazima wateja wote 8,000. Mkiweka rikloza moja katikati, nusu ya hitilafu, zile zilizo mbele yake, zitawazima 4,000 tu, na wastani wa wanaozimwa kwa kila hitilafu utashuka hadi 6,000. Mkiongeza mbili, mkaigawa laini vipande vinne vilivyo sawa, wastani utashuka hadi 5,000. Maana yake kifaa cha kwanza kimewaokoa watu 2,000, na viwili vilivyofuata vimewaokoa 1,000 kwa pamoja, tena vimeleta kazi ngumu zaidi ya kupanga muda wa kila kimoja ili kisimwahi mwenzake. Ndiyo sababu naomba kila laini ndefu ipate cha kwanza kabla laini yoyote haijapata cha tatu. Nimeona kinyume chake: laini iliyo karibu na mji mkubwa ina vifaa vinavyopokezana mlangoni, na laini ya mpakani haina hata kimoja.

Mfano wangu ni wa laini iliyonyooka, na laini halisi zina matawi, jambo linalofanya faida iwe kubwa zaidi. Tawi lenye wateja 300 likiwa na sekshonalaiza au fyuzi sahihi mwanzoni mwake, hitilafu zake zote za kudumu zinabaki zake. Yapo pia maeneo ambako mwisho wa laini moja na mwisho wa laini nyingine, inayotoka kituo kingine, vimetenganishwa na bonde moja tu. Hapo kipande kifupi cha laini na swichi inayokaa wazi siku zote vingewezesha watu wa mwisho kulishwa kutoka upande wa pili wakati upande wao unatengenezwa, ilimradi nyaya na transfoma za upande huo zimepimwa na zinaweza kubeba mzigo wa ziada na msongo usiporomoke. Wilayani kwetu mabonde ya namna hiyo nayajua mawili.

Kuhusu mawasiliano, nimesikia hoja kwamba vifaa hivi havina maana mpaka kijengwe chumba kikubwa cha uangalizi chenye skrini ukutani. Sikubaliani nayo. Sekshonalaiza haihitaji kuongea na mtu yeyote. Rikloza inafanya uamuzi wake palepale nguzoni, na sanduku lake likiwekewa modemu na kadi ya simu linaweza kumtumia fundi wa zamu ujumbe kwamba limekata, kwenye mkondo wa ampea ngapi, saa ngapi. Vipo na viashiria vidogo vinavyoning'inizwa kwenye waya na kumulika pindi mkondo wa hitilafu umepita katika waya huo. Viashiria hivyo vikiwekwa penye njia panda za matawi, vijana wale wanne wangesimama kwenye kila njia panda, wakatazama juu, wakajua waingie kushoto au kulia, badala ya kuvuka mito miwili bure.

Waheshimiwa, ningekuwa mdanganyifu kama ningeishia kwenye faida. Kifaa kinachorudisha umeme chenyewe kinaweza kuua. Waya ukikatika na kuanguka njiani, rikloza haijui kama umegusa jani au umegusa mtoto, inarudisha. Na kwenye ardhi kavu ya Septemba, waya ulioanguka mara nyingi hauvuti mkondo wa kutosha kuistua kinga ya kawaida, kwa hiyo unalala chini ukiwa hai, kimya, bila kifaa chochote kukata. Ndiyo maana naomba kinga ya mkondo mdogo wa ardhi, inayoweza kuhisi ampea chache, iwashwe katika kila rikloza iliyo nayo, na ikishakata isiruhusu kurudisha. Naomba pia kwamba wakati mafundi wanafanya kazi karibu na laini iliyo hai, kurudisha kokote kufungwe na kibao kitundikwe, na kwamba wananchi waambiwe, kwa redio na katika mikutano ya vijiji, kwamba waya ulio chini ambao hautoi cheche unaweza kurudishiwa umeme wakati wowote bila mtu kugusa swichi popote.

Australia ililipa gharama kubwa kwa somo hili. Tarehe 7 Februari 2009, katika jimbo la Victoria, siku ya joto kali na upepo, waya wa laini ya kijijini ulikatika huko Kilmore East na kuwasha moto uliowaua watu 119, kati ya 173 waliokufa katika mioto ya siku ile na iliyofuata. Tume ya kifalme iliyochunguza ilipendekeza, pamoja na mambo mengine, kwamba rikloza za laini za waya mmoja zizuiwe kurudisha katika wiki 6 zenye hatari kubwa kuliko zote za kila msimu wa moto, na kwamba katika laini za kilovolti 22, siku za katazo la moto, iruhusiwe kujaribu kurudisha mara moja tu. Hawakuziondoa rikloza. Walizibadilishia mipangilio kufuata majira. Sisi tuna mashamba ya misindano ya Mufindi na misitu ya miwati ya Njombe, na tuna miezi yetu ya ukame kuanzia Agosti hadi mvua zinapoanza. Sijawahi, katika miaka 31, kupewa karatasi inayoniambia kwamba kuanzia tarehe fulani rikloza za laini inayopita msituni zibadilishwe mipangilio. Karatasi hiyo inaweza kuandikwa wiki hii.

Kuna tahadhari nyingine ndogo kwa wapenda takwimu. Rikloza hugeuza mkatiko wa saa nyingi kuwa wa sekunde chache, na kwa kawaida ya kimataifa, iliyoandikwa katika kiwango namba 1366 cha IEEE, chama cha kimataifa cha wahandisi wa umeme, mkatiko usiozidi dakika 5 huhesabiwa kando na mikatiko mirefu. Shirika linaweza basi kuonyesha mchoro mzuri unaoshuka kila mwaka huku mwenye mashine ya kusaga akishuhudia mota yake ikizimika na kuwaka mara sita kwa siku hadi inaungua. Mamlaka ya udhibiti idai hesabu zote mbili, na kwa kila laini peke yake, kwa sababu wastani wa taifa unamficha mtu wa mwisho wa laini. Vilevile, kifaa kinachokata mara nyingi mahali palepale kinatuambia jambo: aghlabu mkuza, yaani ukanda ulio chini ya laini, haujafyekwa, au kuna kikombe kilichopasuka ambacho hakijaanguka. Rikloza isigeuzwe kuwa sababu ya kutofyeka.

Katika kununua, nitasema moja tu. Tangu tarehe 1 Januari 2026 Umoja wa Ulaya umepiga marufuku kufungwa kwa vikata-umeme vipya vyenye gesi ya SF6, inayotumika ndani yake kuzima moto wa umeme, katika msongo usiozidi kilovolti 24, kwa kuwa gesi hiyo hupasha anga joto zaidi ya mara 20,000 kuliko hewa ya ukaa kwa uzito uleule. Bidhaa zilizokataliwa huko zitatafuta soko mahali fulani, na bei yake itavutia. Chupa za ombwe zipo, zimezoeleka, na ndizo zilizomo katika rikloza yetu ya nyigu.

Ninachowaomba kwa mwaka huu wa fedha ni kidogo kuliko kilichomo katika barua hii. Stoo ya kila wilaya iwe na nyaya za fyuzi za saizi zote zinazotumika pale, na kila fundi anayelazimika kuweka kitu kingine aandike namba ya nguzo katika daftari ambalo mkuu wake atalisoma kila Jumatatu bila kumkaripia. Hesabu ya rikloza na sekshonalaiza zilizopo ifanyike nguzoni na itangazwe kwa wilaya, pamoja na idadi ya zile ambazo umeme unazipita pembeni. Mipangilio ya msimu wa ukame iandikwe kwa laini zinazopita misituni. Na mradi wowote ujao wa kuunganisha vitongoji usipokelewe kutoka kwa mkandarasi mpaka aonyeshe kinga ya kila tawi aliloliongeza ikiwa imejaribiwa, mbele ya fundi wa eneo ambaye ndiye atakayebaki nayo.

Rikloza niliyoitaja inafikika kwa gari hata wakati wa masika. Mhandisi yeyote mtakayemtuma nitamwongoza mimi mwenyewe hadi chini ya nguzo, ila aje kabla ya mvua za Novemba, aje asubuhi wakati nyigu bado wana baridi, na aje na betri mbili za volti 12.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Fundi mstaafu wa laini
Nyanda za Juu Kusini